Kungoja kusiko na tarehe

Kila mwaka mvua za masika zikianza, hoteli nyingi za pwani ya mashariki ya Unguja hufunga, au hubakisha vyumba vichache na wafanyakazi wachache. Sisi tunaofanya kazi Paje, Bwejuu na Jambiani tumeshazoea. Aprili na Mei ni miezi ya kurudi makwetu. Wa Makunduchi anarudi shambani kwao, wa Tanga anashika njia ya bandarini, na sisi Wapemba tunavuka kwenda kula muhogo wa nyumbani. Hakuna anayelalamika. Unaambiwa Juni tarehe fulani uwe kazini, unafunga begi, unaaga. Na miezi ile miwili huenda mbio, hata ukirudi kazini unajiona kama hukupumzika.

Mwaka 2020 tulirudi makwetu miezi ileile, kwa mvua ileile, mfukoni tukiwa na kidogo kama ilivyo kila masika. Lakini safari ile hesabu ya siku ilituponyoka. Watu wazima walikuwa wakiulizana leo ni Jumanne au Jumatano na wote hawana hakika. Nimekaa na jambo hili muda mrefu, kwa sababu maelezo ninayoyasikia mara nyingi hayanitoshi. Husemwa kwamba mtu akikosa kazi hupotewa na wakati. Basi mbona sisi wa mahotelini tulikuwa hatuna kazi kila Aprili na hatukuwahi kupotewa?

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, Arusha. Haikwisha wiki, Zanzibar nayo ikatangaza wake. Machi ni mwezi ambao kaskazi inakatika, joto limekaza, na hotelini kuna wageni wa mwisho mwisho wa msimu. Mimi nilikuwa mapokezi. Kazi ya mapokezi ni kazi ya saa: unajua ndege ya nani inatua lini, nani anafuatwa na gari saa kumi alfajiri, nani ameomba abakie chumbani mpaka saa nane mchana. Mwili uko leo, akili iko keshokutwa. Wiki ile simu zote zilikuwa za kufuta. Ndege za watalii zilipozuiwa, nilikaa mbele ya kompyuta nikaona miezi iliyokuwa imejaa majina ya watu imebaki mitupu mpaka mwisho wa mwaka. Zanzibar ilikuwa imepokea watalii zaidi ya 500,000 mwaka 2019. Mwaka uliofuata idadi ilishuka kwa kiasi cha nusu, na waliokuja wengi walikuwa wa miezi miwili ya mwanzo na ya mwisho wa mwaka. Katikati palikuwa peupe.

Meneja alituita chini ya mkungu akatusomea barua. Likizo bila malipo, "mpaka hali itakapotengemaa". Mwenzetu mmoja wa jikoni, mtu mzima wa kuheshimiwa, aliuliza swali moja tu: lini? Meneja akairudia sentensi ileile, pole pole zaidi. Simlaumu kwa kutokujua, maana hakuna aliyejua. Ila kila nikirudi nyuma naona kwamba mzee yule alikuwa ameshauliza lililokuja kutusumbua sote, na ameliuliza siku ya kwanza.

Kwenye simu yangu bado ninayo picha ya ratiba ya zamu ya wiki ile. Imepigwa kwa haraka, kidole kinaonekana pembeni. Majina yamepangwa safu, A kwa zamu ya asubuhi, J kwa jioni, U kwa usiku, na siku ya mapumziko imewekewa kistari. Jumamosi na Jumapili zimeandikwa kwa kalamu nyengine, ya rangi hafifu, maana msimamizi alikuwa hana hakika nani atahitajika. Baada ya hapo hakuna ratiba tena.

Sikuvuka mara moja. Nilibaki kwanza Jambiani kwenye chumba changu cha kupanga, kwa sababu kila mtu alikuwa akisema ni wiki mbili tatu tu, na nauli ya kwenda na kurudi si haba. Asubuhi niliamka mapema kwa mazoea, nikafagia, nikachota maji, nikala, na nikitazama saa ni saa mbili. Mchana haukuwa na pa kushikia. Nilikuwa nalala nisiwe na usingizi na naamka nisiwe na pa kwenda. Kundi letu la WhatsApp, ambalo kazi yake ilikuwa kubadilishana zamu, likabaki na swali moja linalorudiwa na watu mbalimbali: "Jamani, leo siku gani?" Mwanzo tulikuwa tunacheka, kisha tukawa tunajibu bila kucheka. Ijumaa tu ndiyo tuliyokuwa na uhakika nayo, kwa kuwa unawaona wanaume wanapita na kanzu. Siku sita nyengine zilikuwa hazina dalili.

Baadaye nilisoma kwamba mambo haya yalichunguzwa. Mtafiti Ruth Ogden wa Chuo Kikuu cha Liverpool John Moores aliwauliza watu 604 wa Uingereza, Aprili hiyo hiyo ya 2020, wakiwa wamefungiwa majumbani, kama wanauona wakati unakwenda kama kawaida. Zaidi ya asilimia 80 walisema la. Baadhi waliuona unakwenda mbio, baadhi unajikokota, na pande mbili zilikuwa karibu sawa. Waliouona unajikokota walikuwa zaidi ni wenye umri mkubwa, wenye dhiki ya moyo, wenye mambo machache ya kufanya, na wale ambao hawakuridhika na namna walivyokutana na wenzao. Nilipoyasoma hayo nilijiona nimo: ni mimi kabisa kwenye chumba cha Jambiani. Lakini hayakunieleza habari ya mama yangu, na yeye ndiye aliyenifanya nianze kulifikiri jambo hili.

Baba alifariki mwanzoni mwa Rajabu, kabla ya korona kufika kwetu, kwa maradhi aliyokuwa nayo siku nyingi. Tulizika, tukasoma, mimi nikarudi kazini Unguja, na mama akakaa eda. Kwa asiyejua: mjane hukaa nyumbani miezi minne na siku kumi, kwa hesabu ya mwezi mwandamo. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Kwa hiyo nilipokata shauri la kuvuka na kurudi kwetu, upande wa Wete, niliingia katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa amefungiwa ndani kabla ya dunia nzima kufungiwa.

Umri wake mkubwa, ana presha, ana msiba mbichi, hatoki, kazi za nyumbani tunamzuia. Kwa vipimo vyote vya utafiti ule, yeye ndiye ambaye siku zingemkalia. Lakini ndani ya nyumba ile mama ndiye aliyekuwa mtu pekee anayejua leo ni tarehe ngapi.

Ukutani, pembeni mwa mlango wa chumba chake, palikuwa na kalenda ya karatasi moja, zile zinazogaiwa misikitini, tarehe za Kiislamu juu kwa herufi kubwa na za Kizungu chini kwa herufi ndogo. Penseli fupi ilikuwa imening'inizwa hapo kwa uzi wa kushonea. Akishasali Magharibi, kwa kuwa kwetu siku huanza jua likizama, mama aliivuta ile penseli akapiga mstari mdogo wa kulala ndani ya kisanduku cha siku iliyopita. Mstari hautoki nje ya kisanduku. Halafu anaiachia penseli, inapigapiga ukuta kidogo, inatulia. Katikati ya Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, palikuwa na tarehe imezungushiwa duara tangu siku ya kwanza, na duara lile limepitiwa mara mbili kwa penseli.

Nilimuuliza siku moja, "Mama, leo mwezi ngapi?"

"Wa Kizungu tazama mwenyewe, mimi sioni maandishi madogo," akasema. "Wetu ishirini na mbili Shaabani."

"Huchoki kuhesabu?"

"Nichoke kwa lipi, mwanangu? Zinakwenda hizi. Jana zilikuwa nyingi kuliko leo."

Sisemi eda ni jambo jepesi. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani, na mara nyengine nilisikia anazungumza taratibu, nisijue kama ni uradi au anazungumza na baba. Machozi yake hayakuwa na ratiba. Lakini asubuhi alikuwa na siku mkononi, na mimi mwenye afya na miguu ya kwenda nipendapo sikuwa nayo.

Pia siku zake zilikuwa na wenyewe. Kabla ya korona kufika kwetu, wanawake wa mtaani walikuwa wanakuja kwa wingi baada ya Alasiri kumliwaza. Hofu ilipoingia, tukaweka ndoo yenye koki na kipande cha sabuni mlangoni, na wenyewe wakapanga wasije wengi kwa pamoja. Ikawa Jumatatu anakuja jirani wa mkono wa kulia, bibi mmoja asiyeacha kuja na kitu, japo ndimu mbili. Alhamisi ni ya mama mdogo. Jumamosi anakuja somo wa mama, anakaa barazani, na mama anakaa ndani ya mlango, wanazungumza bila kuonana vizuri. Hawakuambiwa na mtu wafanye hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba mama alikuwa akisikia hodi anajua ni siku gani kabla hajajua ni nani.

Nilianza kutazama watu wengine kwa jicho hilo. Mama mdogo analima mwani. Yeye huenda baharini kwa bamvua, ambapo maji hukauka sana, kwetu ni mnamo saa nne au saa tano ya asubuhi, na kila siku inayofuata hukawia kiasi cha dakika 50. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mpevu na mwezi mchanga, halafu maji mafu, halafu bamvua tena. Mwani ukishafungwa kwenye kamba hungojwa kiasi cha wiki sita. Bei ilikuwa mbaya na yeye alikuwa na wasiwasi kama sisi sote, lakini hukumkuta hata siku moja anauliza leo siku gani. Vivyo hivyo wazee wachache ambao bado wanaijua hesabu ya miongo, ile ya kuanzia Siku ya Mwaka, siku 365 zilizogawiwa miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kumalizia. Mzee mmoja wa barazani kwetu alikuwa anakwambia mwongo tuliomo bila kuangalia popote. Hesabu hiyo ilikuwepo kabla ya hoteli na haikutegemea ndege kutua.

Sasa unaweza kusema: hao wana kazi zao, mvuvi na mkulima hawakusimama. Ni kweli. Lakini mama hakuwa na kazi. Na sisi wa hoteli kila masika hatuna kazi. Ndipo nilipoanza kuona kwamba kazi siyo yote. Mama alikuwa anangoja kitu chenye mwisho. Mwani una mwisho. Masika ya kila mwaka yana mwisho, Juni tarehe fulani. Sisi mwaka ule tuliambiwa tungoje bila ya kuambiwa mpaka lini, na siku za kungoja namna hiyo hazina tofauti moja na nyengine, kwa sababu hakuna hata moja inayokusogeza karibu na kitu. Jana haikuwa nyingi kuliko leo.

Ramadhani ndiyo iliyonithibitishia. Iliingia wiki ya mwisho ya Aprili, na papo hapo, kama kwamba kuna mtu aliyewasha taa, kila mtu akajua siku. Hali haikubadilika hata kidogo: hoteli zimefungwa, pesa hakuna, hofu ipo, msikitini kwetu sala ya tarawehe ilifupishwa na watu wakaacha nafasi baina yao. Lakini lile kundi la WhatsApp ambalo wiki moja nyuma halijui Jumanne wala Jumatano likawa linaandikiana "leo chungu cha tano", "leo tumeingia kumi la kati". Watu walewale! Na tuangalie vizuri, Ramadhani nayo hatuujui mwisho wake kwa yakini. Ni siku 29 au 30, mpaka mwezi uonekane, na kila mwaka kuna mabishano yake. Shaka ile haimsumbui mtu, maana ni shaka ya siku moja na mipaka yake inajulikana. Mtu haombi ahadi isiyotikisika. Anaomba ajue anaelekea wapi.

Idi ilipopita, Mei inakwisha, kundi likarudi palepale. Wiki haikufika kabla mtu hajauliza leo siku gani.

Kuna mtoto wa dada yangu ambaye naye alinifundisha kwa upande wake. Machi 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza skuli zifungwe kwa siku 30, na Zanzibar nako zikafungwa. Mtoto alisikia redioni hiyo "siku thalathini" akaichukua kama ilivyo. Alitafuta kipande cha mkaa, akawa anapiga mistari nyuma ya mlango wa jikoni, mitano mitano, kama walivyofundishwa hesabu. Alikuwa haruki siku. Ukimpita usiku anakwambia bila kuulizwa zimebaki ngapi. Katikati ya Aprili muda ukaongezwa, safari hii bila tarehe. Mtoto akaja kuniuliza, "Sasa nipige mpaka ngapi?" Sikuwa na la kumjibu. Mistari yake ilikatika pale. Hakuifuta, hakuiendeleza, na baada ya siku chache akaanza kulala mpaka saa nne na kukesha na simu ya mama yake. Vipindi vya masomo redioni alikuwa anavisikiliza pale tu anapolazimishwa. Watu wazima walisema mtoto amekuwa mvivu. Mimi nililipinga hilo wakati ule na nalipinga leo. Mtoto aliyehesabu siku thalathini bila kuruka hata moja si mvivu.

Lilikuwepo jengine lililokuwa likitugawia siku, nalo ni taarifa za jioni. Mwanzo mwanzo tulikuwa tunakaa pamoja kusubiri idadi ya wagonjwa wapya. Ni habari za kutisha, lakini zilikuwa zinaifunga siku: kabla ya taarifa, baada ya taarifa. Mwanzoni mwa Mei idadi ya Tanzania ilisimama kwenye wagonjwa 509, na hiyo ikawa idadi ya mwisho ya taifa kwa zaidi ya mwaka mzima. Kulikuwa na waliofurahi kupumzika na hofu. Kwetu nyumbani jioni ilikosa kitu. Ugonjwa ulikuwa haujulikani uko wapi, umezidi au umepungua, na tulibaki tunapima kwa maziko: nani kafa mtaa gani, alikuwa na nini. Naamini kwa dhati kwamba mtu akinyimwa habari ya jambo analolingoja, ananyimwa na sehemu ya siku zake. Habari mbaya ina tarehe. Kimya hakina.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja baadaye, na ni kwamba wakati uliopotea namna ile haurudi hata kwenye kumbukumbu. Tulipokuwa ndani yake siku zilikuwa ndefu. Tulipotoka tukaona kumbe mwaka mzima hauna kitu. Wanaochunguza akili za watu wanasema ndivyo ilivyo: muda usiokuwa na mambo mapya huwa mrefu unapopita na mfupi unapokumbukwa, kwa kuwa kumbukumbu haina pa kutua. Mimi hupenda kuwauliza wenzangu, Beit-al-Ajaib ilianguka lini? Jumba lile la mwaka 1883, lililokuwa na mnara wa saa uliotazama Forodhani, hakuna Mzanzibari asiyelijua. Mnara na sehemu kubwa ya mbele viliporomoka Disemba 25, 2020. Nimeuliza wauza duka, madereva, mpaka wanaowatembeza wageni Mji Mkongwe. Wapo wanaosema 2019, wapo wanaosema 2021, wapo wanaosema "wakati wa korona" wakaishia hapo. Saa kubwa kuliko zote mjini ilianguka na watu hawakumbuki mwaka.

Lakini waulize Wapemba Maalim Seif alifariki lini. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki Februari 17, 2021 Muhimbili, baada ya chama chake kutangaza kwamba amepata korona, akazikwa siku ya pili yake kwao Mtambwe. Hakuna kwetu anayekosea. Mtu anakwambia ilikuwa Jumatano, alikuwa anafanya nini, nani alimpigia simu, alipanda gari ya nani kwenda Mtambwe, alisimama safu ya wapi. Miezi kumi na moja iliyotangulia imevurugika kichwani mwake, lakini siku mbili zile zimekaa kamili. Kule kulikuwa na huzuni, kulikuwa na watu, na kulikuwa na kitu kimoja ambacho kila mtu alijua kinakwenda wapi na kitaishia wapi. Nadhani ndiyo sababu.

Mama alitoka eda Julai, siku ileile aliyoizungushia duara. Wanawake walikuja, wengi kuliko tulivyokuwa tumewaona kwa miezi, wengine na barakoa za kitambaa zilizoshonwa mtaani. Aliogeshwa, akavishwa nguo mpya ya rangi ya majani, udi ukawashwa mpaka uani. Kisha akatoka na somo wake wakatembea mpaka nyumba ya yule bibi wa Jumatatu, si mbali, hata sauti ya mtu unaisikia. Njiani kila aliyemuona alimwambia, "Umetoka, bi mkubwa?" naye anajibu, "Nimetoka, alhamdulillah." Nilikuwa nyuma yao nimebeba sahani ya halua. Watu wote tuliopishana nao, pamoja na mimi, tulikuwa bado hatujatoka. Watalii walikuwa wameanza kuruhusiwa tena tangu Juni, lakini hotelini kwetu walikuwa bado wanasema hali ikitengemaa.

Sisi tulio wengi hatukutolewa na mtu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza janga Machi 11, 2020, na likatangaza mwisho wa dharura Mei 5, 2023. Hiyo Mei nilikuwa nyumbani Pemba, masika kama kawaida, na sikumsikia mtu hata mmoja aliyeitaja habari ile. Haikusomwa dua, hakuna aliyemwambia mwenzake umetoka. Tungelistahiki kitu, hata kidogo. Wapo waliozika bila kuaga, wapo waliouza vitu vyao vya ndani, wapo watoto waliopoteza mwaka, na hawakupata siku ya kusema sasa imekwisha. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, mpaka leo ukimuuliza mtu jambo la mwaka 2021 anakwambia "juzi juzi tu".

Nilirudi kazini msimu wa mwisho wa mwaka ule wa 2020. Waliponipigia simu walinipa tarehe, na papo hapo siku zikaanza kwenda: ya kufua, ya kuaga, ya boti. Mengi yamebadilika tangu hapo. Msimamizi wetu aliacha kazi, na sasa mimi ndiye ninayepanga zamu za mapokezi na usafi wa vyumba, na Aprili ikikaribia mimi ndiye ninayewaambia wenzangu warudi makwao.

Nilimwambia meneja mpya kwamba barua za likizo ya masika sitazipeleka kwa watu zikiwa na maneno "mpaka mtakapoarifiwa". Alisema hawezi kuahidi, bukingi hazijulikani, na anayo haki, hazijulikani. Nikamwambia siombi ahadi, naomba tarehe, na ikibidi kubadilishwa nitabadilisha mimi mwenyewe na nitampigia simu kila mmoja. Tulibishana siku mbili, akakubali. Sasa kila barua ina tarehe ya kurudi, na chini yake ina tarehe ya pili, ya mimi kupiga simu kuthibitisha, iwe kuna habari au hakuna.

Mwaka mmoja mvua zilirefuka na tukachelewa kufungua. Nilipiga simu siku niliyoiandika, nikawaambia tusogeze mpaka Juni 14. Yule mzee wa jikoni, ambaye bado tunaye, alipokea akiwa shambani kwake, nikasikia anamwambia mkewe, "Tarehe kumi na nne." Kisha akaniuliza kama mchele upo stoo au aagize kabla hajaja.